Mjadala wa Barazani Mpitimbi: Kodi ya Jengo na Umri wa Mwenye Jengo

Jioni ya siku ya tatu baada ya kuanua matanga ya baba yangu mdogo, pale Mpitimbi, kusini ya mji wa Songea, katika mwezi wa Julai ambao baridi yake huwafanya watu wasogeze viti karibu na jiko la mkaa kabla jua halijazama, tulikuwa tumekaa barazani watu watano, mahindi yameanikwa uani juu ya turubai, na shangazi yangu, aliyekuja kutoka Lizaboni mjini kumzika nduguye, akampa mjukuu wake noti ya shilingi 2,000 ili amnunulie umeme kwa salio la simu yake, kwa kuwa binti aliyeachiwa nyumba alikuwa amepiga kusema kwamba taa zimezimika. Kijana akabonyeza tarakimu, akangoja, na ujumbe uliporudi akausoma kimya, kisha akausoma tena kwa sauti: katika zile 2,000, 1,500 zilikuwa zimekatwa kuwa kodi ya jengo, na umeme ulionunuliwa kwa 500 zilizobaki ulikuwa uniti nne na ushei.

Shangazi hakusema neno. Alikunjua pindo la kanga yake, akatoa noti nyingine, akainyoosha juu ya goti kama anayepiga pasi, lakini hakumpa kijana.

Msomaji ambaye hakufuatilia mambo haya na aelezwe kwamba kodi ya majengo, iliyokuwa mali ya mamlaka za miji kwa sheria za mwaka 1982 na 1983, ilihamishiwa mikononi mwa Mamlaka ya Mapato ya nchi nzima mwaka 2016. Kwamba baada ya hapo nyumba ya kawaida ambayo haikuwahi kuthaminiwa iliwekewa kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa mwaka. Na kwamba tangu Agosti 2021 hukatwa mwezi kwa mwezi katika manunuzi ya umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000, kisha, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Na sheria ya kodi hiyo, kwa insafu inayostahili kutajwa, imezisamehe nyumba za tope na za nyasi, na nyumba moja ya makazi ya mtu aliyetimiza miaka 60, na ya mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Shangazi yangu alizaliwa mwaka 1948. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, nami nauandika kama nilivyousikia, nikiyaacha majina ya wasemaji na kuwataja kwa kazi zao na undugu wao.

KIJANA: Bibi, pesa hii haikupasa kukatwa. Umri wako umeipita miaka 60 kwa mbali, nyumba ni moja, unakaa mwenyewe. Sheria imekusamehe, na bado unalipa. Huu si usahaulifu wa mwezi mmoja, kwa maana nimefungua jumbe za nyuma na kila mwezi imo.

MTENDAJI: Taratibu, mwanangu, usimwashe moto bibi yako. Mimi nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi, nami nimebeba vitabu vya stakabadhi za kodi ya maendeleo mpaka siku ilipofutwa mwaka 2003, na Mwenyezi Mungu anajua kwamba hakuna kazi iliyonidhalilisha kuliko ile. Nilikuwa nikiingia kijijini alfajiri na mgambo wawili, na wanaume wazima, wenye watoto wenye akili kama wewe, wakakimbilia katika mashamba ya mihogo wakiacha uji mezani; aliyekamatwa alipelekwa mbele za watu akiwa amefungwa kwa kamba ya katani. Leo kodi inakatwa kimyakimya, hakuna anayekimbia, hakuna anayefungwa, na karani hana nafasi ya kuandika kumi akatia mfukoni tano. Ukiniuliza mimi, hiyo peke yake ni neema. Tena hesabu: 18,000 kwa mwaka ni shilingi 50 kwa siku. Mtu mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, mwenye bati na mita ukutani, anashindwaje na shilingi 50?

KIJANA: Mzee, hukujibu nililosema. Mimi sikusema ni nyingi, nimesema hazimpasi.

MTENDAJI: Nami nakujibu kwamba msamaha ni kitu cha kuombwa. Mwenye haki ya msamaha ndiye anayepaswa kwenda kusema, "Mimi ni fulani, umri wangu ni huu." Ikiwa serikali itasamehe bila kuulizwa, kesho utaona kila nyumba ya mjini imeandikwa jina la baba, na baba yuko huku Mpitimbi analima mahindi wala hajui kama ana nyumba mjini.

Neno hili la mwisho lilikuwa na uzito, wala sikuona aibu kukiri moyoni kwamba nimewahi kujua mtu wa namna hiyo. Walakini kabla sijapata kusema, Mwalimu, ambaye ni binamu wa shangazi na alifundisha historia mpaka alipostaafu, aliweka chini kikombe chake cha togwa.

MWALIMU: Shemeji, kodi ya nyumba si ngeni katika nchi hii ya Ungoni, na tusiizungumze kana kwamba ilizaliwa pamoja na LUKU. Mdachi aliiweka mwaka 1897, rupia tatu kwa kibanda cha shamba, na asiyekuwa na rupia akalipa kwa mazao au kwa mgongo wake. Nayo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojaza vifua vya watu kabla ya vita vya Maji Maji. Akaja Mwingereza, mwaka 1922 akatunga sheria yake ya kodi ya kibanda na kichwa, na mwanamume mwenye wake watatu akahesabiwa vibanda vitatu. Sina sababu ya kuwasifu hao, hata mmoja. Lakini liko jambo moja nililosikia kwa babu yangu, ambalo lazima nilitie mizanini: mkongwe asiyejiweza alisamehewa, na aliyemtaja asamehewe alikuwa jumbe wa mahali pale, ambaye alipofika mlangoni alimwona mzee amekaa juani, mguu umevimba, akamwambia karani, "Huyu mpite." Mkongwe hakufunga safari kwenda bomani kuthibitisha kwamba amezeeka. Jumbe, pamoja na ubaya wake wote, alimjua mtu. Mita haimjui mtu, inaijua nyumba.

MTENDAJI: Na jumbe huyohuyo akawapita jamaa zake na kuwaandika adui zake. Mwalimu, usinipambie majumbe.

MWALIMU: Sikupambii. Nimesema alimjua, sikusema alimpenda.

KIJANA: Lakini siku hizi serikali inamjua mtu kuliko jumbe alivyomjua! Bibi, nipe kitambulisho chako.

Shangazi alikitoa katika kijaluba alimokihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya presha. Kijana akakiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akatuonyesha namba yake ndefu ya tarakimu ishirini, ambazo nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa mwenye kadi: 19480701. Tarehe mosi Julai, hapana budi niseme, si siku aliyozaliwa shangazi. Ni siku aliyopewa na mwandikishaji, kama walivyopewa wakongwe wengi ambao mama zao walihesabu miaka kwa njaa na nzige. Lakini mwaka ni wake, na serikali ndiyo iliyouandika.

KIJANA: Umri umo ndani ya namba yenyewe. Mashine inayoweza kukata 1,500 usiku wa manane kwa watu wote wa Songea haishindwi kusoma tarakimu nane. Kwa nini basi Bibi ndiye aende kuieleza serikali jambo ambalo serikali ndiyo iliyomwambia?

MTENDAJI: Kwa sababu mita haikuandikwa namba ya kitambulisho. Iliandikwa jina la aliyeomba umeme.

Hapo ndipo Shangazi aliposema. Aliongea kwa sauti ndogo, akiangalia mahindi, na sote tukanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kadhia.

SHANGAZI: Mnasema sana, wanangu, na mimi safari hiyo nimeshaikwenda. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda kwa mwenyekiti, hakuwepo, nikarudi kesho yake, akaniandikia vizuri, akapiga muhuri. Mara ya pili nikapeleka barua, na kitambulisho, na karatasi ya mita. Yule binti wa dirishani alikuwa na adabu, alinipa kiti, akatazama katika kompyuta yake, akaniambia, "Bibi, hii mita si yako." Nikamwambia, "Nyumba ni yangu, tumeijenga na mume wangu, tofali tumechoma wenyewe, na mimi nilikuwa nikizibeba kichwani nikiwa na mimba ya huyu aliyemzaa huyu kijana." Akasema, "Naam, Bibi, lakini jina ni la mzee." Mzee alikufa mwaka wa tisa sasa. Akasema, "Lete barua ya mirathi." Mara ya tatu nilikwenda kuuliza tu kama hakuna njia nyingine. Bodaboda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Hesabuni wenyewe. Kila safari moja ilikula kodi ya mwezi na zaidi. Nikaacha. Nikasema, na waikate.

Sikuitaja ofisi ile hapa wala sitaitaja, na yule binti, kwa jinsi shangazi alivyomweleza, alitenda wajibu wake kama alivyoagizwa. Lakini na tulitazame jambo lenyewe kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo msamaha unapopotelea, na sidhani kwamba waliotunga sheria walilikusudia. Wanawake wengi walioishi na waume zao miaka 40 wamekuwa wajane katika nyumba ambazo kila karatasi yake, kuanzia ya kiwanja mpaka ya umeme, imeandikwa jina la marehemu. Ili mjane awe "mwenye nyumba" mbele ya dirisha, sharti kikao cha ukoo kikae na kuandika muhtasari, mtu ateuliwe, shauri lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, muda wa pingamizi upite, ndipo barua ya usimamizi itoke. Na katika hatua hizo zote wapo watoto wa mke mwingine, wapo ndugu wa mume, na ipo hofu, ambayo si ya bure, kwamba kuigusa habari ya mirathi ni kuchokoza nyoka aliyelala. Shangazi yangu ameishi miaka tisa katika nyumba yake kwa amani kwa sababu hakuna aliyefungua faili. Kumwambia akafungue faili ili asamehewe shilingi 1,500 ni kumwambia ahatarishe paa ili aokoe taa.

Na taa yenyewe ina hesabu yake. Mtumiaji mdogo wa umeme, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti moja kwa shilingi 122 pamoja na tozo zake; kwa hiyo 1,500 ni uniti kumi na mbili. Shangazi ana balbu tatu, redio na simu ya tochi. Uniti kumi na mbili kwake si nyongeza. Ni sehemu kubwa ya mwezi.

MTENDAJI: Dada, hilo la mirathi sikulijua. Nisamehe.

SHANGAZI: Hukunikosea kitu, shemeji.

KIJANA: Mwaka jana chuoni tulisoma kwamba huko Canada, katika jimbo la British Columbia, mwenye nyumba aliyefika miaka 55 anaweza kuomba kodi isimame, isidaiwe, bali iandikwe kuwa deni juu ya nyumba, na ilipwe siku nyumba itakapouzwa au itakapopita kwa warithi. Mzee anakaa kwa raha, serikali haipotezi kitu. Na California, Marekani, mwaka 1978 wananchi walipiga kura, kodi ikafungiwa isizidi asilimia moja ya thamani, na thamani ya kukadiria isipande zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka mradi mtu hajauza.

SHANGAZI: Deni likae juu ya nyumba yangu mpaka nife?

KIJANA: Ndiyo, Bibi. Hulipi wewe.

SHANGAZI: Mjukuu wangu, juzi makaburini ulisikia lililotangazwa kabla udongo haujamfunika babu yako. Mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Ulimwona yule mwenye duka alivyoinua mkono, na baba yako alivyotoa 12,000 palepale mbele ya watu? Na mimi unataka siku yangu asimame mtu wa serikali?

Kijana aliinamisha kichwa, wala hapakuwa na aliyecheka. Naona jibu la shangazi lilikuwa kamili zaidi ya vitabu vingi, kwa maana kila taifa hutunga nafuu kulingana na jambo ambalo wazee wake huliogopa: huko ng'ambo mzee huogopa kwamba nyumba aliyoinunua kwa bei ndogo imepanda thamani mpaka kodi yake imezidi kiinua mgongo chake, na hapa kwetu, ambako kiwango ni kimoja na thamani haihesabiwi, mzee huogopa kuzikwa na deni.

MWALIMU: Na hapo kwenye kiwango kimoja, shemeji, ndipo penye hoja yangu ya pili. Nyumba ya chini ya tajiri wa Masaki, Dar es Salaam, yenye vyumba kumi na ukuta wa umeme, hailipi kodi ya ghorofa kwa kuwa si ghorofa. Inalipa 1,500, sawasawa na ya dada. Ukitaka kumwokoa mzee kwa haki, huwezi kulifumbia macho hilo. Uganda walipotunga sheria ya kodi ya majengo ya serikali za mitaa mwaka 2005, na kuifanyia marekebisho baada yake, waliiacha nje nyumba anamokaa mwenyewe mwenye nyumba, kijana kwa mzee, wakatoza za kupangisha na za biashara. Hapo hakuna dirisha la kwenda kuthibitisha umri.

MTENDAJI: Na miji ya Uganda imelia kwamba haina fedha. Barabara ya mtaa italimwa na nani? Taka zitazolewa na nani? Mzee mwenye nyumba tano, akakaa moja na nne akapangisha, naye asamehewe ile moja kwa sababu ana mvi? Mimi hilo sitalikubali hata mkinikesha hapa. Mvi si umaskini.

MWALIMU: Si umaskini, nakubali. Lakini kupima umaskini wa kila mzee kwa ajili ya 18,000 kutagharimu zaidi ya hizo 18,000: karani, fomu, gari, chai. Afadhali matajiri wachache wapite chini ya kamba kuliko wajane wengi wakwame juu yake. Sera ya Taifa ya Wazee, tangu mwaka 2003, inamhesabu mzee kwa umri wa miaka 60, basi. Na sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu hao kuwa kama milioni mbili na nusu nchini, asilimia 5.6 ya watu wote. Wengi wao wamo vijijini, katika nyumba ambazo hata mita hazina. Wenye mita mjini, tena wanaokaa nyumba zao wenyewe, si jeshi la kuifilisi hazina.

KIJANA: Na Zanzibar je? Tangu Aprili 2016 kila aliyetimiza miaka 70 anapewa pensheni jamii, hakuna anayemuuliza kama aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Ng'ambo ya maji wanampa mzee. Huku bara Bibi, aliyelima maisha yake yote na hana pensheni ya senti moja, tunamkata.

Mtendaji hakujibu hili, akageukia jiko akalichochea. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesikiliza tangu alasiri, nikaona ni wajibu wangu nitoe langu.

Nilisema kwamba ninakubaliana na Mtendaji katika jambo moja, nalo ni kwamba kodi iliyokusanywa bila mgambo ni bora kuliko iliyokusanywa kwa kamba, wala simtamanii mtu zile alfajiri za stakabadhi. Lakini kanuni inayosema "msamaha ni wa kuombwa" inamfaa mtu mwenye miguu, mwenye nauli, na mwenye jina lake kwenye karatasi. Na sheria haikuwasamehe watu hao, imewasamehe wale ambao aghalabu hawana kimoja katika hivyo vitatu. Ikiwa umri ndio sababu ya kumsamehe mtu, basi dhima ya kuujua umri huo ni ya aliyeuandika, na anayetaka kutoza mita ya mjane ndiye apaswaye kwanza kuthibitisha kwamba mwenye kuishi katika nyumba hiyo si mzee. Mzigo na uhame bega. Na kwa habari ya mita iliyobaki na jina la marehemu, mjane anayekaa nyumba ya ndoa atazamwe kwa kule kukaa kwake, kwa ushahidi wa jirani, bila kupelekwa mahakamani.

MTENDAJI: Ushahidi wa jirani! Na huyo jirani akisema uongo?

MWALIMU: Wewe uliyekuwa mtendaji, balozi wa nyumba kumi hakuwajua wazee wake?

MTENDAJI: Aliwajua. Mimi mwenyewe niliwajua.

MWALIMU: Wote?

Mtendaji alinyamaza kitambo. Giza lilikuwa limeshaingia, na vijana wawili walikuwa wakikunja turubai ili umande usiyaharibu mahindi. Kisha akamwomba Kijana kalamu, akageuza nyuma ya karatasi ya michango ya msiba, ambayo majina ya waliotoa debe la mahindi na waliotoa 5,000 yalikuwa yamejaa upande wa mbele, akaivuta taa karibu.

"Dada," akasema, "mtaa wenu kule Lizaboni nimeufanyia kazi miaka minne kabla ya kustaafu. Tuanze na nyumba iliyopakana nawe upande wa bondeni. Yule mama mwenye mtoto wa macho, yungali hai?"

"Yu hai," akasema Shangazi. "Sasa haoni kabisa."

Akaandika. Akauliza inayofuata, naye akamjibu, na inayofuata. Huyu amekwenda kwa mwanawe Mbinga, huyu yupo, huyu yupo na mumewe, wote wawili wamepita themanini, mita ni ya mtoto aliyeko Dar es Salaam. Walipofika kwenye kisima cha mtaa walikuwa na majina kumi na manne, na uji ulikuwa umeletwa, lakini hakuna kati yao aliyeinua kikombe.